Ugonjwa wa sukari Kalemie: wauza dawa wana video zao, vituo vya afya viko wapi?

Karibu kila mara video huanza vilevile. Mtu aliyevaa koti jeupe anasimama nyuma ya meza iliyojaa chupa za plastiki. Anasema ugonjwa wa sukari unapona kabisa, bila sindano wala vidonge, kwa majani aliyochemsha yeye mwenyewe. Mzee mmoja anatoa ushuhuda. Inafuata namba ya telefone ya kuagiza, na mwishoni ombi: tuma kwa ndugu kumi. Na ndugu wanatuma. Kwenye makundi ya WhatsApp ya familia, ya korali na ya wauza ndagala, video ya namna hiyo inatembea kwa saa moja kuliko shauri la muuguzi linavyotembea kwa mwaka.

Kwa hiyo kuuliza kama watu wa Kalemie wanaweza kujifunza ugonjwa kwa njia ya video ni kuchelewa. Wanajifunza tayari. La kuuliza ni nani anawafundisha. Mwenye kuuza chupa anajua lugha ya watu na anajua hofu yao. Anajua pia kwamba mgonjwa amechoka kumeza vidonge visivyo na mwisho. Huduma za afya zinajua ukweli kuhusu ugonjwa huu, lakini ukweli huo unabaki ndani ya chumba cha mashauriano, kwenye karatasi ya Kifaransa iliyobandikwa ukutani.

Jimbo la Tanganyika linahitaji video zake lenyewe: fupi, kwa Kiswahili cha Kalemie, zinazomfundisha mwenye sukari ya aina ya pili namna ya kujitunza kila siku. Lakini video hizo zitafaa tu zikitembea pamoja na muuguzi, mashine ya kupima na dawa. Zikiachwa peke yake zitakuwa kelele nyingine kwenye telefone.

Ugonjwa usiokimbiza mtu hospitali

Kalemie inaijua kipindupindu. Mji ulio kando ya ziwa Tanganyika, pale mto Lukuga unapoanzia, umeishi na ugonjwa huo kwa miaka mingi. Mtoto akianza kuharisha maji, mama hasubiri kesho. Anajua ni jambo la saa chache. Ujuzi huo haukuanguka kutoka mbinguni. Uliletwa na reko waliopita nyumba kwa nyumba, na megafoni sokoni, na redio, na pia filamu. Mwaka 2011 shirika la Global Health Media Project lilitoa katuni fupi iitwayo The Story of Cholera. Inamwonyesha kijana anayeona kwa macho yake vijidudu vinavyotoka mtoni hadi kwenye kikombe cha maji. Katuni hiyo ilitafsiriwa kwa lugha nyingi, kwa sababu kilichomo kinaeleweka hata na mtu asiyejua kusoma.

Sukari ni kinyume cha kipindupindu. Haimkimbizi mtu hospitali usiku. Katika aina ya pili, ambayo ndiyo ya wagonjwa walio wengi duniani, mwili bado unatengeneza insulini, lakini haiutumii vizuri, na polepole haiitengenezi ya kutosha. Sukari inabaki kwenye damu. Mtu anasikia kiu, anakojoa mara nyingi usiku, anachoka, macho yanaona ukungu. Wengine hawasikii chochote kwa miaka. Wakati huo huo mishipa ya macho, ya figo, ya moyo na ya miguu inaharibika kidogo kidogo.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2024 kwamba zaidi ya watu wazima milioni 800 wanaishi na ugonjwa wa sukari duniani, na kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa wenye miaka 30 na kuendelea hawakuwa wanatumia dawa yoyote. Afrika ni miongoni mwa sehemu ambako wengi hawajui hata kama wanaumwa. Mvuvi anayeshangaa kidonda cha mguu kukataa kupona miezi mitatu huenda akatafuta aliyemloga kabla ya kutafuta mtu wa kumpima sukari.

Hapo ndipo tofauti kubwa ilipo. Kipindupindu kinatibiwa na watu wa hospitali kwa siku chache. Sukari inatunzwa na mgonjwa mwenyewe kwa maisha yote. Daktari anamwona kwa dakika kumi, labda mara moja kwa miezi miwili au mitatu. Siku zilizobaki ni mgonjwa anayeamua kiasi cha bukari, ni yeye anayekumbuka kidonge, ni yeye anayetazama mguu wake. Akiwa hajui la kufanya, matibabu yote yanaishia mlangoni mwa hospitali.

Funzo kutoka Kinshasa

Wapo watakaosema jambo hili ni rahisi: watu wana telefone, basi watumiwe ujumbe. Kongo imeshajaribu. Katika miaka ya 2010 watafiti walifanya jaribio katika nchi tatu: Kongo, ambako lilifanyika Kinshasa, Kambodia na Ufilipino. Wagonjwa waliokuwa tayari wanafuatiliwa kwenye programu za sukari waligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliongezewa ujumbe mfupi wa maandishi kwenye telefone, wenye mashauri ya kujitunza. Baada ya miaka miwili sukari za makundi yote mawili zilipimwa. Ujumbe ule haukuleta tofauti ya wazi.

Matokeo hayo yanastahili kusemwa kwa sauti, maana yanaokoa pesa za kesho. Maandishi mafupi yanamwambia mgonjwa "kula vizuri, fanya mazoezi". Hayamwonyeshi vizuri ni nini juu ya sahani yake. Hayajibu swali. Na telefone ya Kongo hupotea, hubadilisha laini, hukaa kwa mtoto wa shangazi wiki nzima.

Je, video itafanya vizuri zaidi? Kwa sehemu, ndiyo. Mkono unaopima bukari, kidole kinachopita kati ya vidole vya mguu, uso wa mtu ambaye sukari yake imeshuka: mambo hayo hayaelezeki vizuri kwa maneno ishirini kwenye kioo kidogo. Lakini funzo la Kinshasa linabaki palepale. Chombo peke yake hakibadilishi damu ya mtu. Video inapaswa kuwa mwanzo wa mazungumzo kati ya mgonjwa na muuguzi, na kati ya mgonjwa na wale wanaompikia.

Sahani ya hapa, mguu wa hapa

Video nyingi nzuri kuhusu sukari zipo kwenye intaneti. Zinaonyesha mkate wa ngano nzima, brokoli, samaki wa baharini na mtu anayekimbia bustanini akiwa na viatu vya bei kubwa. Mama wa Kalemie akizitazama anaelewa jambo moja tu: ugonjwa huu ni wa matajiri, na dawa yake iko dukani ambako hawezi kuingia.

Video ya Kalemie ianzie kwenye bukari. Kumwambia mtu wa hapa aache bukari ni kumwambia aache kula. Kinachowezekana ni kuonyesha kipimo. Sahani moja ya kawaida: nusu yake mboga, iwe sombe, lengalenga au matembele, robo samaki, ndagala au mikebuka, au maharage, robo iliyobaki bukari. Mama wa video achukue bonge la kila siku, alikate mbele ya kamera, aonyeshe linalobaki. Aonyeshe pia kiasi cha mawese kinachoingia kwenye sombe. Aweke vijiko vya sukari vya chai ya asubuhi kwenye meza, kimoja kimoja, kando ya chupa ya soda. Watu wataona wenyewe.

Tena video hiyo isimtazame mgonjwa peke yake. Katika nyumba nyingi mgonjwa hapiki. Baba mwenye sukari anakula kilichopikwa na mke au binti, kwenye sahani moja na wengine. Mpishi akiachwa nje ya somo, somo limepotea.

Video ya pili iwe ya mguu. Sukari ikikaa juu miaka mingi, neva za miguu hufa ganzi. Mtu anakanyaga msumari au mfupa wa samaki bila kusikia. Anakaa karibu na makaa ya mbabula na kuungua bila kusikia. Mvuvi wa ndagala anayeshinda usiku kwenye pirogi, miguu ndani ya maji, yumo hatarini, na mama anayepokea samaki alfajiri bila viatu vilevile. Kinachotakiwa hakina bei kubwa: kutazama miguu kila jioni, chini na kati ya vidole, kwa kioo kidogo au kwa macho ya mtoto, kuosha kwa maji yasiyo moto na kukausha vizuri, kuvaa viatu vilivyofungwa na kuvikung'uta kabla ya kuvaa, na kwenda kituo cha afya siku ileile kidonda kinapoonekana. Miguu mingi inayokatwa ilianza na kidonda kidogo ambacho hakuna aliyekitazama.

Video ya tatu ni ya hatari ambayo wengi hawaijui: sukari kushuka. Mgonjwa anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi, akikosa kula, anaweza kuanza kutetemeka, kutoka jasho, kuchanganyikiwa na kuanguka. Watu wa kando wanadhani amelewa au amepagawa. Sukari chini ya miligramu 70 kwa desilita ni ya kushughulikiwa hapo hapo: vijiko vidogo vitatu vya sukari kwenye maji, kusubiri dakika 15, kupima tena kama mashine ipo, kisha kula. Aliyezimia asinyweshwe kitu. Apelekwe hospitali mbio. Dakika tatu za video zinaweza kuokoa mtu kwenye basi la kanisa au kwenye boti ya kwenda Moba.

Kanisa na msikiti vinahusika hapa moja kwa moja. Kalemie inafunga. Waislamu wanafunga Ramadhani, Wakristo wengi wanafunga siku tatu au zaidi za maombi. Mgonjwa wa sukari anayefunga bila kumwambia muuguzi, huku akimeza kidonge chake kama kawaida, anacheza na maisha yake. Imamu au mchungaji akionekana kwenye video akisema "muulize kwanza daktari wako", maneno yake yatafika mbali kuliko ya profesa.

Video ya nne iwe ya dawa yenyewe, na hapa wauza chupa wajibiwe bila kuogopa. Sukari ya aina ya pili inaweza kutulizwa vizuri. Kuna watu wanaopunguza uzito sana na sukari yao kurudi kawaida kwa muda, lakini hata hao wanaendelea kupimwa. Hakuna chupa inayoifukuza milele. Metformini iko kwenye orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, inajulikana kwa miongo mingi, inamezwa pamoja na chakula ili isisumbue tumbo. Mtu anayeiacha kwa sababu amejisikia vizuri ndiye yule anayerudi baada ya mwaka macho yakiwa yameharibika. Anayetaka kunywa majani ya bibi yake asifukuzwe wala kudharauliwa. Aombwe tu asiache kidonge na amwambie muuguzi anachokunywa.

Zifike bila kula mega

Si kila mtu ana telefone ya kioo, na aliye nayo anahesabu mega. Video ya dakika kumi na tano, yenye picha nzito, itabaki kwa wafanyakazi wa mashirika. Kila somo liwe la dakika tatu, jepesi, na liweze kupita kutoka telefone hadi telefone bila intaneti. Vijana wanaojaza nyimbo na filamu kwenye kadi za memori, kwenye vibanda vya kuchajia telefone, wapewe masomo haya bure wayaweke kati ya nyimbo. Sauti peke yake ikatwe na kupelekwa redio. Kwenye jumba la kungojea la hospitali, ambako watu hukaa saa nyingi wakitazama ukuta, kioo kimoja kinatosha.

Lugha nayo si jambo dogo. Kiswahili cha vitabu kitamfanya mzee wa Nyunzu acheke au alale. Watengenezaji wa video wapo hapa hapa: wale wanaopiga picha za harusi na korali wanajua namna ya kumshika mtazamaji. Wapewe maneno sahihi na madaktari, kisha waachwe waseme kama watu wa Kalemie wanavyosema. Baadaye zifuate za Kiluba kwa ajili ya Manono na Kabalo, na za Kitabwa kwa ajili ya Moba. Wagonjwa wanaokubali kuonekana ndio wawe wahusika wakuu, baada ya kuelezwa wazi kwamba uso wao utazunguka na hautarudi.

Kila video ibebe jina la huduma ya afya iliyoitoa, na tarehe. Hiyo ndiyo alama itakayoitenganisha na ya mwuza chupa.

Wanaopinga wana hoja

Hoja ya kwanza ni ya umaskini. Kuna faida gani kumfundisha mtu kupima sukari kama bandeleti za mashine hazipatikani, au zinagharimu pesa ya chakula cha siku mbili? Hoja hii ni ya kweli na haijibiwi kwa video. Jibu lake ni kituo cha afya chenye mashine moja inayofanya kazi, bandeleti ambazo haziishi, na metformini kwa bei ambayo muuza ndagala anaiweza. Mwaka 2022 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani, Kongo ikiwemo, zilikubaliana malengo ya mwaka 2030: watu 80 kati ya 100 wenye sukari wawe wamegunduliwa, na 80 kati ya 100 waliogunduliwa sukari yao iwe imetulia. Hakuna video itakayofikisha jimbo hapo kama rafu za dawa ni tupu. Lakini kungoja rafu zijae ndipo watu wafundishwe kutazama miguu yao, jambo ambalo halina gharama, ni kuwaadhibu mara mbili.

Hoja ya pili ni ya vipaumbele. Tanganyika ina kipindupindu, ina surua, ina malaria, ina familia zilizokimbia vita kati ya Watwa na Wabantu, ina nyumba zilizomezwa na maji ya ziwa. Nani ana muda wa sukari? Ila mwenye sukari hatoki nje ya orodha hiyo. Yumo kambini pia, akila unga wa msaada bila mboga, akiwa amepoteza vidonge njiani, akitembea bila viatu. Magonjwa hayo mengine yana mashirika, magari na bajeti. Yeye hana hata mtu wa kumwuliza swali, ndiyo maana mwenye chupa anampata kwa urahisi.

Hoja ya tatu inatoka kwa baadhi ya waganga wenyewe: mgonjwa anayejifunza kwenye telefone atajifanya daktari. Hatari ipo. Lakini tayari anajifunza kwenye telefone. Afadhali aje kituoni na swali alilopata kwenye video ya hospitali kuliko asije kabisa kwa sababu ya video ya sokoni.

Kazi ina wenyewe

Jimbo lina kanda za afya 11, kutoka Kalemie na Nyemba hadi Kongolo, Ankoro na Kansimba. Idara ya afya ya jimbo ikianza na Kalemie na Nyemba peke yake, itakuwa imeanza vizuri. Chuo Kikuu cha Kalemie kina uwezo wa kuandika na kuhakiki maneno. Programu ya taifa ya kupambana na sukari ipo, na ndiyo inayopaswa kuweka muhuri wake. Redio za mji zina sauti ambazo watu wanaziamini.

Kazi hiyo ipimwe, isije ikawa sherehe ya siku moja. Kabla ya kuonyesha video, wagonjwa wa vituo vichache waulizwe maswali matano: sahani, mguu, sukari kushuka, kufunga, dawa. Baada ya miezi sita waulizwe tena, sukari yao ipimwe, na ihesabiwe ni wangapi wamerudi kwenye miadi yao na ni wangapi wamekuja mapema na kidonda kidogo badala ya kuchelewa na kidonda kinachonuka. Video isiyobadilisha kitu itengenezwe upya au itupwe.

Siku ya sukari duniani ni tarehe 14 Novemba kila mwaka. Kwa kawaida kunakuwa na hotuba, fulana na upimaji wa bure asubuhi moja. Mwaka huu siku hiyo inaweza kuacha kitu kinachobaki: masomo manne ya dakika tatu kwenye kadi za memori, kioo kimoja kwenye jumba la kungojea, na muuguzi mmoja katika kila kituo aliyepewa saa moja kwa wiki ya kujibu maswali ya waliotazama. Wauza chupa hawatangoja tarehe hiyo. Leo usiku wanatuma nyingine.